Ukisafiri peke yako, taniboi wako ni nani?

Shule zinapofungwa na sikukuu kukaribia, maelfu ya magari ya kibinafsi huondoka Nairobi kuelekea mashambani. Mengi hubeba familia nzima, watoto wakiwa nyuma na mizigo juu. Lakini yako mengine ambayo ndani yake mna mtu mmoja tu: mzazi aliyetangulia kwenda kutayarisha arusi, mwalimu anayekwenda kumwona mama mgonjwa, kijana aliyeazima gari la mjomba wake, au mfanyabiashara anayekimbilia mkutano wa kesho asubuhi. Huyo ndiye tunayetaka kuzungumza naye leo, pamoja na wale anaowaacha nyumbani.

Wenye malori walilijua jambo moja tangu zamani. Dereva anayekwenda Busia au Malaba hupewa taniboi. Wengi wetu hudhani kazi ya taniboi ni kufunga turubai na kubadilisha tairi. La hasha. Taniboi humwangalizia dereva upande asiouona, humzungumzisha asije akasinzia, hulilinda gari dereva anapoingia hotelini kula, na mambo yakiharibika yeye ndiye anayetumwa kutafuta msaada. Hata madereva wa Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka wa 1953, hawaendi peke yao. Kando ya dereva huketi msaidizi mwenye daftari, akimsomea kona moja baada ya nyingine.

Anayeendesha gari peke yake hana mtu wa aina hiyo. Kwa hivyo kazi za taniboi hazina budi kufanywa kabla ya safari, au zifanywe na dereva mwenyewe, au zikabidhiwe mtu aliyebaki nyumbani. Zisipofanywa na yeyote, hapo ndipo hatari huingia. Na hatari yenyewe si ndogo, kwani katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakipoteza maisha kila mwaka katika barabara za Kenya.

Ili mambo yaeleweke vizuri, tuchukue mfano wa mama anayeishi mtaa wa Mountain View, jirani na Kangemi, ambaye anataka kwenda Kisumu peke yake kwa gari dogo. Safari hiyo ni ya kilomita 350 hivi. Atapita msitu, bonde, milima na mashamba ya chai na miwa, na ataendesha kwa muda wa saa sita au saba bila kuhesabu mapumziko.

KULIKAGUA GARI

Kosa la kawaida ni kulikagua gari asubuhi ya safari, wakati mtu tayari amevaa na chai inapoa mezani. Ukigundua kasoro saa hiyo, utaambiwa na moyo wako mwenyewe kwamba "litafika tu". Lipeleke gari kwa fundi siku tatu au nne kabla, ili kukiwa na kipuri cha kununuliwa, upate nafasi ya kukitafuta.

Anza na magurudumu, kwani hayo ndiyo yanayogusa barabara. Tazama ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne ndani ya kijisanduku. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 2319 ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa haujalika, na tairi zilizotumika huko ng'ambo kisha zikauzwa hapa zinaweza kuwa na meno mazuri lakini miaka mingi. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, na usisahau tairi ya akiba. Si ajabu mtu kupasukiwa na tairi mbali na nyumbani kisha akute ile ya akiba imekaa miaka miwili bila upepo.

Baada ya hapo kagua breki na mafuta yake, maji ya rejeta, oili, waipa, taa zote na betri. Hakikisha jeki na spana ya magurudumu zimo garini. Halafu fanya jambo ambalo wenye magari wengi hawajawahi kulifanya: fungua tairi moja wewe mwenyewe hapo nyumbani na uirudishe. Kama nati zimekazwa na mashine hata mkono wako hauziwezi, heri ulijue hilo ukiwa mlangoni pako kuliko ukiwa peke yako msituni.

SAA YA KUONDOKA

Wako wanaopenda kuondoka saa tisa za usiku ili "kuukwepa msongamano". Kwa mtu aliye peke yake huu si ushauri mzuri. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu hutaka kulala, upende usipende. Ajali ya Migaa, karibu na Sachangwan, iliyoua watu 36 basi lilipogongana na lori, ilitokea usiku wa manane kuamkia asubuhi ya Desemba 31, 2017. Baadaye Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, ilisimamisha kwa muda safari za usiku za mabasi ya masafa marefu. Dereva wa gari la kibinafsi hasimamishwi na mtu. Inampasa ajisimamishe mwenyewe.

Mama wetu wa Mountain View na alale mapema, kisha aondoke kunapopambazuka, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akienda magharibi asubuhi, jua litakuwa mgongoni mwake. Atakuwa Nakuru kabla ya saa nne, na atapita Kericho mchana kabla mvua ya alasiri haijaanza. Nyanda za Kericho na Nandi zinajulikana mno kwa mvua ya mawe, ambayo hulowesha lami na kuziba kioo kwa dakika chache tu. Kisumu ataingia saa nane au saa tisa, mchana ukiwa bado mkubwa. Hata akikawia saa mbili njiani, giza halitamkuta barabarani.

Siku ya kurudi akumbuke kwamba akiondoka Kisumu alfajiri, jua litachomoza mbele ya macho yake. Miwani ya jua na kioo cha mbele kilichosafishwa, ndani na nje, vitamsaidia sana.

KUTOKA WAIYAKI WAY HADI BONDENI

Sehemu ya kwanza ya safari ina wasiwasi wa mji. Kabla ya kuingia Waiyaki Way, milango ifungwe na vioo vipandishwe. Mkoba usiwekwe kitini bali uende ndani ya buti. Simu iwekwe mahali inapoweza kuchajiwa lakini isishikwe mkononi. Na mshipi wa usalama ufungwe kabla ya injini kuwashwa. Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliwazoesha hata abiria wa matatu kujifunga. Aliye peke yake hana wa kumkumbusha.

Ukishavuka Kinoo na Kikuyu, unafika Rironi ambako njia hugawanyika. Moja hushuka Mai Mahiu, nyingine hupanda Limuru na kupitia Kimende hadi Kinungi na Naivasha. Ile ya Mai Mahiu ilitengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa mikono ya mateka wa Kiitaliano, ambao pia waliacha kanisa dogo kando yake. Mandhari yake ni ya kupendeza, lakini ni nyembamba, ina kona kali na hupendwa na malori. Kwa dereva mgeni aliye peke yake, ile ya juu ni afadhali, ila nayo ina ukungu. Ukungu ukikukuta Kimende au Kinale, washa taa za chini wala si zile kali, kwa sababu mwanga mkali hugonga ukungu na kurudi machoni mwako. Punguza mwendo, na usijaribu kumpita mtu.

Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Pale kazi inapoendelea, mtu asidhani kwamba njia aliyoipita mwezi uliopita ndiyo atakayoikuta leo. Michepuko huhamishwa, changarawe huachwa juu ya lami, na alama za muda hazionekani vyema usiku.

Tahadhari nyingine ni maji. Kati ya Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu wengi nchini, na usiku wa Aprili 29 maji yaliyobomoa tuta la reli ya zamani karibu na Mai Mahiu yalisomba makumi ya watu. Kabla ya hapo, Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na Mto Enziu kule Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yanayofika nusu ya goti yanaweza kuliinua gari dogo. Ukikuta mto juu ya barabara, simama mbali au ugeuze. Asiwepo mtu wa kukuhimiza kwamba "wengine wamepita".

KULIPITA LORI

Kati ya Naivasha na Mau Summit utakuwa nyuma ya malori mara nyingi, na hapa ndipo kukosa mwenzako kunapokuumiza. Hebu tupige hesabu kama ile ya darasani.

Trela inakwenda kilomita 60 kwa saa. Wewe unakwenda 80. Ili umpite kwa salama, ukianzia nyuma yake na kurudi mbele yake huku ukiacha nafasi, unahitaji kumzidi kwa mita kama 70. Tofauti yenu ya mwendo ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu hivi kila sekunde. Basi kumpita kutakuchukua sekunde 12 au 13. Katika muda huo wewe utakuwa umekwenda mita 280. Na gari linalokuja mbele yako kwa mwendo wa 80 nalo litakuwa limekwenda mita 280. Jumla ni zaidi ya nusu kilomita. Kama huoni nusu kilomita ya barabara tupu mbele yako, usitoke.

Usikae karibu sana nyuma ya lori ukichungulia. Rudi nyuma kidogo na utaona zaidi. Dereva wa lori akikupigia taa ya kulia au ya kushoto, ichukue kama salamu tu. Huenda anakuruhusu, huenda anakuonya, na huenda anataka kukata kona. Macho yako ndiyo yaamue.

SALGAA NA SACHANGWAN

Jina la Salgaa halihitaji kuelezwa. Mteremko kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa ni mrefu, na madereva wengine wa malori wamekuwa na tabia ya kuweka gia huru ili waokoe mafuta. Injini ikiachwa isizuie, kazi yote huangukia breki. Breki zikipata moto kupita kiasi huacha kushika, na lori la tani nyingi huwa jiwe linaloporomoka.

Mama wetu akienda Kisumu atakuwa anapanda, na malori hayo yatakuwa yakimjia usoni. Ashike upande wake wa kushoto kabisa. Wakati wa kurudi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu yeye na malori watashuka pamoja. Aingize gia ya chini mapema, asikanyage breki mfululizo, na asikubali kushuka mteremko mzima lori likiwa nyuma yake karibu. Kukiwa na nafasi salama, na aliache litangulie. Kutangulia si ushindi.

Barabara hii imetufundisha somo jingine kwa gharama kubwa. Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan. Watu walikimbia kwenda kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Desemba 2016 lori lililobeba shehena ya kushika moto lilipoteza mwelekeo huko Karai, karibu na Naivasha, na wengi wa waliokufa walikuwa ndani ya magari mengine yaliyokuwa yakisafiri tu. Kwa hivyo ukiona lori la mafuta, kaa mbali nalo. Likiwa limeanguka mbele yako, usisogee kutazama. Geuza gari, rudi nyuma, upige simu.

Na Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani likavamia magari, abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hao hawakuwa wakiendesha kwa kasi. Walikuwa wamesimama. Tunajua viazi na karoti za njiani ni tamu na bei yake ni nzuri, lakini usiegeshe gari kwenye ukingo wa lami chini ya mteremko ili kununua. Ingia katika soko au kituo cha petroli, ukae mbali na barabara.

Pia uyaheshimu matuta, hasa penye shule na masoko. Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa mbio za mita 400 kuruka viunzi mwaka wa 2015, alifariki Agosti 8, 2018, katika ajali huko Nandi, siku chache baada ya kurejea kutoka mashindano ya Afrika mjini Asaba, Nigeria. Ilielezwa wakati huo kwamba gari lake liligonga matuta likabingirika hadi mtaroni. Matuta mengi hayana rangi wala alama. Kasi ya kilomita 50 kwa saa mijini na madukani iliwekwa kwa sababu kama hizo.

USINGIZI HAUPIGI HODI

Adui mkubwa wa dereva pekee hashiki bunduki. Ni usingizi. Ukienda kilomita 100 kwa saa kisha macho yakafumba kwa sekunde nne tu, gari litakuwa limekwenda mita 111 bila dereva. Huo ni urefu unaozidi uwanja wa kandanda.

Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekesha macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiasi cha asilimia 0.05 cha pombe katika damu. Fikiria basi mtu aliyeamka saa kumi na moja asubuhi, akashinda ofisini, kisha akashika barabara jioni. Ikifika saa nne usiku, hajaonja hata tone, lakini anaendesha kama mlevi.

Dalili zake zinajulikana. Unapiga miayo mfululizo. Unasahau kijiji ulichokipita sasa hivi. Gari linasogea kidogo kulia kisha unalirudisha kwa ghafla. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kuimba hukusaidia dakika chache tu. Dawa ya usingizi ni usingizi. Simama mahali penye watu na mlinzi, kunywa kahawa, kisha ufunge milango ulale dakika 15 au 20. Kahawa huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, kwa hivyo utaamka nguvu zake zikiingia. Pumzika kila baada ya saa mbili hata kama hujachoka. Kwa safari ya Kisumu, Naivasha, Nakuru na Kericho ni mahali pazuri pa kusimama.

Chakula nacho kiwe chepesi. Sahani kubwa ya ugali na nyama choma saa saba mchana itakulaza saa tisa. Na kama una mafua, soma maandishi ya dawa au umwulize mwenye duka la dawa, kwani baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi mzito.

BINADAMU WENZETU

Tuliambiwa tangu utotoni kwamba kumwacha mtu njiani si utu. Hilo ni kweli, na ndilo linalofanya swali la kuwapa watu lifti kuwa gumu. Lakini mtu aliye peke yake garini hana shahidi wala msaidizi. Ukimwona mama na mtoto wamekwama, au gari limeanguka na huna uhakika, utu wako unaweza kufika kwa njia nyingine: endelea hadi kizuizi cha polisi au kituo cha petroli kilicho karibu, utoe habari. Hapo umesaidia bila kujitia mtegoni.

Ukikuta mawe au gogo barabarani mahali pasipo na watu, usishuke kuondoa. Geuza ukiweza. Gari likikugonga kidogo kwa nyuma mahali penye giza, washa taa za tahadhari uendeshe polepole hadi penye mwanga na watu, ndipo uzungumze na mwenzako. Ukishuku kuwa unafuatwa, usielekee unakokwenda kulala. Elekea kituo cha polisi.

Mahali pa kula, usiache kinywaji chako mezani ukaenda msalani, wala usikubali soda iliyofunguliwa na mtu usiyemjua. Mambo ya kutiliwa "mchele" si ya vilabuni pekee. Na mtu akikuuliza, "Dada, uko peke yako?" huna deni la kumwambia ukweli. Jibu kwamba wenzako wako gari la nyuma.

Wavulana na wanaume wasidhani ushauri huu ni wa akina mama tu. Majambazi hutafuta aliye peke yake, hawachagui sketi wala suruali.

GARI LIKIHARIBIKA

Gari likianza kusumbua, kazi ya kwanza ni kuliondoa barabarani. Ni afadhali kuharibu tairi kwa kuendesha polepole juu ya upepo ulioisha, ukafika penye nyumba, kuliko kusimama kwenye kona. Washa taa za tahadhari, weka zile pembetatu za kuakisi mwanga umbali wa hatua 50 hivi nyuma na mbele. Matawi ya miti hayatoshi usiku.

Kama sehemu ya gari ingali ndani ya lami, toka kwa mlango wa kushoto ukasimame mbali, kwa sababu gari linaweza kugongwa. Kama limetoka kabisa barabarani na mahali hapo pana upweke, unaweza kubaki ndani, milango ikiwa imefungwa, na ufungue dirisha kidogo tu kuzungumza na anayekuja. Rejeta ikichemka, usiifungue. Subiri nusu saa au zaidi ipoe, la sivyo maji yatakurukia usoni.

Mafundi wasioitwa huzuka haraka sana. Wengine ni wasamaria wema, wengine watafungua kitu kizima ili wakuuzie. Mpigie simu fundi wako wa nyumbani, umweleze, kisha amwambie huyo aliye nawe la kufanya. Wanachama wa AA Kenya wanaweza kuomba msaada wa chama chao, lakini uanachama huo hujengwa kabla ya safari.

TANIBOI WA NYUMBANI

Sasa tufike kwa yule msaidizi mkuu, ambaye hata hayumo garini. Katika kila familia ataka kuwapo mtu mmoja, wala si kila mtu, anayeishika safari ile mkononi. Kijana wa sekondari au wa chuo aliye likizoni anaifaa sana kazi hii. Ana wakati, anaijua simu, na hakuna sababu ya kumficha.

Apewe karatasi yenye nambari ya usajili wa gari, rangi na aina yake, njia itakayofuatwa, majina ya mahali pa kusimama na saa inayotarajiwa. Mama akifika Naivasha anapiga simu: "Nimefika, naondoka baada ya dakika 20." Kijana anaandika saa. Nakuru vivyo hivyo. Kericho vivyo hivyo. Dereva akibadilisha njia, anasema kwanza.

Kuna sheria moja isiyovunjwa: aliye nyumbani hampigii dereva. Dereva ndiye anayepiga, tena akiwa amesimama. Simu ya upendo inayolia mtu akiwa katikati ya kona ya Sachangwan inaweza kumuua. Baba, shangazi na majirani wote wanaotaka kujua "amefika wapi" wamwulize kijana, wala si dereva.

Ikiwa saa imepita na habari hakuna, kijana asikae akiomboleza. Baada ya saa moja apige mara mbili. Asipojibiwa, apige anakotarajiwa mgeni, kisha apige polisi kwa 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, awasomee kile alichoandika. Mtu anayesema "mama yangu hajafika" husaidiwa kwa shida. Anayesema "gari jeupe, nambari hii, liliondoka Nakuru saa nne na robo likielekea Kericho" amewapa wasaidizi mahali pa kuanzia.

KATA UHIFADHI

Siku nne kabla: fundi, tairi, breki, taa, tairi ya akiba.
Jioni ya kuamkia safari: tangi lijazwe, karatasi ya safari iachwe nyumbani, lala mapema.
Garini: leseni, bima, jeki, spana, pembetatu mbili, kizima-moto, kisanduku cha huduma ya kwanza, tochi, maji ya kunywa, chaja ya simu, shuka, pesa kidogo taslimu.
Njiani: pumzika kila saa mbili, pita lori ukiona nusu kilomita tupu, usiendeshe usiku.
Simu: 999, 112, 1199.

Jioni hii, kabla ya gazeti hili kufungiwa sukari, keti na jamaa zako mkubaliane jambo moja tu: safari ijayo ya mtu mmoja, taniboi wa nyumbani atakuwa nani? Mwandikeni jina, mpeni daftari. Kidole kimoja hakivunji chawa.